Kimya cha Fundi Cheche

Kila asubuhi, kabla sijatandika blanketi juu ya meza yangu ya kupigia pasi, huwa nashukuru kwanza. Namshukuru mwenye duka lililofungwa kwa kuniachia nusu ya kibaraza chake. Naushukuru ukuta unaonipa kivuli mpaka adhuhuri. Namshukuru jirani wa nyuma anayeniruhusu kutumia choo chake bila kunikunjia uso, maana mwanamke anayeshinda barabarani anajua hiyo ni fadhila kubwa kiasi gani. Na ikiwa jana yake gari la askari wa mji halikupita kuzoa meza zetu, nashukuru mara mbili. Watu wananicheka, wanasema nashukuru hadi mawe. Na wacheke. Mtu anayefanya biashara kwenye kibaraza kisicho chake asipojua kushukuru, atapasuka kwa hasira kabla jua halijachomoza vizuri.

Basi kuna kipindi niliongeza shukrani nyingine. Nilimshukuru Mungu kwa umeme. Nilimshukuru kila siku, kwa sauti, huku nikiipapasa pasi yangu mpya. Leo nikikumbuka nafunika uso, kwa sababu shukrani zile zilikuwa zinapita mlangoni kwa mwenyewe bila kubisha hodi.

Mwenyewe alikuwa fundi Cheche.

Karakana yake inatazamana na kibaraza changu, kichochoro tu kinatutenganisha. Anachomelea vyuma: mageti, madirisha, vitanda, chochote kilichovunjika. Jina alilopewa na wazazi wake analo, lakini mtaani halina kazi. Ni mrefu, mpole, ana mikono yenye makovu madogomadogo, na akivua ile miwani yake myeusi, macho yake huchukua muda kuzoea mwanga. Katika muda ule mfupi anakuwa kama mtoto aliyeamshwa usingizini. Nasema haya yote ili mjue kwamba nilikuwa namtazama. Sikuwa kipofu.

Yeye ndiye aliyeanza, kwa kuniletea mashati. Jamani, mchomelea vyuma ana haja gani na shati lililonyooshwa? Linavaliwa asubuhi, kabla ya chakula cha mchana limeshatobolewa na cheche. Nikawa naviziba vile vitundu kwa uzi wa rangi ileile, kimyakimya, bila kumwambia. Naye akawa analeta mashati mengi zaidi, bila kuniambia kitu.

"Fundi, shati hili si nimelinyoosha jana?"

"Limekunjamana tena, Dada Pasi."

"Limekunjamana likiwa ndani ya mfuko? Hata hukulitoa."

"Mashati yangu yana utundu. Yakikaa mbali na wewe yanaharibika."

Nikacheka mpaka nikakohoa. Nilikuwa nakohoa sana siku zile. Pasi ya mkaa ina mambo yake: uwashe jiko, upepee, moshi ukujae kifuani, uhamishie makaa ndani ya pasi, kisha uombe jivu lisidondoke kwenye shati jeupe la mtu. Na ukishashinda umeinamia joto lile, jioni kichwa kinagonga. Cheche alikuwa akisikia nikikohoa anasimama mlangoni, anatazama, anarudi ndani.

Siku moja akavuka kichochoro akiwa ameshika pasi ya umeme mkono mmoja na waya mrefu mkono wa pili. Waya akaupitisha juu ya nguzo ya chuma aliyoitengeneza mwenyewe, ili wapita njia wasijikwae, ukatoka kwenye karakana yake mpaka kwenye meza yangu.

"Siwezi kupokea," nikasema, ingawa mkono wangu ulikuwa umeshaishika.

"Basi iazime."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nitakapoidai. Na mimi nina usahaulifu."

Nikakubali kwa sharti moja: kwamba mashati yake nitayanyoosha bure maisha yake yote. Akasema maisha yake yote ni marefu, nijiandae.

Asubuhi ile ya kwanza nilikuwa nanyoosha shati jeupe la mwalimu. Cheche akawasha mashine yake. Taa ndogo ya pasi ikafifia, pasi ikapoa mkononi mwangu, na shati la mwalimu likatoka limejaa makunyanzi. Nikapiga kelele. Cheche akatoa kichwa nje, akanitazama mimi, akaitazama pasi, akarudi ndani. Tangu siku hiyo pasi haikupoa tena. Nikajua umeme wa mtaa umetengemaa, nami nikamshukuru Mungu. Asubuhi zangu zikawa za raha: hakuna moshi, hakuna jivu, hakuna kikohozi. Kichochoro kizima kilikuwa kimya. Nilifikiri Cheche siku hizi hapati kazi za asubuhi, na moyoni nikamhurumia.

Aliyenifumbua macho ni Mama Mkaa.

Mama Mkaa anauza mkaa kwenye kona, na ndiye aliyeniazima pasi yangu ya kwanza nilipokuwa sina hili wala lile. Nampenda kama dada yangu mkubwa. Lakini tangu nihamie kwenye umeme alikuwa amepoteza mteja, na mdomo wake ulikuwa umeingia ndimu. Siku hiyo alikuja kukaa kwenye ndoo yangu iliyofunikwa, akawa anasikiliza zogo lililokuwa karakanani. Mzee mmoja alikuwa anamfokea Cheche kuhusu geti lake.

"Kila nikija halijaisha! Kila nikija! Wewe ni fundi au ni mlinzi wa vyuma?"

"Nivumilie, baba. Jioni nitaligusa."

"Jioni, jioni! Asubuhi mikono yako inauma?"

Mzee akaondoka akitikisa kichwa. Mimi nikasema, "Maskini fundi. Kumbe kazi anazo. Kwa nini hafanyi asubuhi?"

Mama Mkaa akanigeukia taratibu.

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe."

"Dada Pasi, mwenzangu, wewe hujui au unajitia hamnazo?"

"Sijui nini?"

"Mashine ile ikiwaka pasi yako inazimia. Kwa hiyo kijana wa watu haiwashi mpaka uchomoe waya. Anakaa pale anapiga msasa, anapaka rangi, anafagia. Amefagia mpaka sakafu imechimbika. Mtaa mzima unajua, wewe ndiye unayekaa hapa unashukuru shirika la umeme!"

Niliiweka pasi chini. Niliisimamisha vizuri kwa kisigino chake, kwa sababu hata moyo ukiwa unapasuka nguo ya mteja haina kosa. Kisha nikachomoa waya, nikavuka kichochoro.

Cheche alikuwa amepiga magoti, anasugua kitanda cha chuma kwa msasa. Alipoona nimesimama mlangoni akainuka, akajipangusa mikono kwenye shati nililolinyoosha mimi.

"Umemaliza mapema leo," akasema.

"Sijamaliza. Ni kweli?"

"Nini ni kweli?"

"Usinizungushe. Ni kweli huwashi mashine asubuhi kwa ajili ya pasi yangu?"

Akatazama chini. Mtu mrefu akitazama chini unaona aibu yake yote.

"Asubuhi kuna kazi za msasa," akasema.

"Za msasa kila siku? Wateja wanakufokea, wanakuita mlinzi wa vyuma, halafu unaniambia msasa!"

"Wataacha."

"Wataondoka! Wataenda kwa fundi mwingine! Nani alikuomba ufanye hivyo?"

"Hakuna aliyeniomba."

"Basi kwa nini?"

"Ulikuwa unakohoa," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nikichomelea huku nakusikia unakohoa, mkono unatetemeka. Chuma hakikai sawa. Nikaona heri nikae kimya, nikusikie unaimba. Siku hizi unaimba, unajua?"

Sikujua. Na kwa kuwa sikutaka kulia mbele yake, nikakasirika zaidi. Ndivyo nilivyo.

"Usinione nina fadhila za punda, fundi. Nashukuru. Lakini umenifanya nile jasho lako bila kujua. Mimi nimesimama pale najiona mfanyabiashara, kumbe nimebebwa mgongoni!"

"Kwani kubebwa na mtu anayekupenda ni dhambi?"

Maneno yakamtoka hivyo hivyo, kama cheche zake. Nje nilimsikia Mama Mkaa akiisogeza ndoo karibu ili asikie vizuri.

"Umesema nini?" nikauliza, ingawa nilisikia mpaka kwenye nyayo.

"Nimesema nilichosema. Tuoane, Dada Pasi. Tuoane tujue moja. Mume na mke hawaulizani nani kamzimia nani mashine."

"Kumbe ndipo tulipofika," sauti ikasema nyuma yangu.

Nikageuka. Alikuwa mama yake, amesimama na kapu la chakula cha mchana, kama alivyozoea kumletea. Mwanamke mwembamba, aliyenyooka, mwenye macho yaleyale ya mwanawe, ila yake hayahitaji muda kuzoea mwanga. Nikapiga goti nusu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akaweka kapu juu ya meza ya vyuma. Alikuwa amesikia vya kutosha. "Mwanangu, mzee mwenye geti amenipita njiani akilalamika. Nikasema nije nione ni ugonjwa gani unaokuzuia kufanya kazi. Nimeuona."

"Mama, tafadhali," akasema Cheche.

"Ngoja. Sina ugomvi na binti huyu. Nasikia ni mchapakazi, ana adabu, na mashati yako siku hizi yanatazamika." Akanigeukia. "Mwanangu anakupenda. Mama haambiwi, anaona. Nami siwezi kuzuia mapenzi. Lakini nitakwambia neno langu mapema. Mke wa mwanangu hatasimama barabarani anapiga pasi, kila mpita njia anamwita. Siku gari la askari wa mji likija, utakimbia na meza kichwani? Mkwe wangu?"

"Nimeshakimbia nayo, mama," nikasema. "Tena na makaa yakiwaka."

Cheche akauma mdomo asicheke. Mama yake hakucheka.

"Ndiyo maana nasema. Ukiingia nyumba yetu, uache meza. Mume wako atakutunza. Hilo tu."

Hilo tu! Nilimtazama Cheche. Nilimtazama yule mwanaume niliyekuwa namuota hata mchana, na ambaye dakika ile ile alikuwa ametaja ndoa. Kukubali ilikuwa rahisi. Neno moja. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

"Mama," nikasema, "naomba nikueleze, kisha unihukumu. Mimi nilishaolewa. Mume wangu hakuwa mtu mbaya, Mungu amrehemu. Nilikuwa nauza vitambaa mlango kwa mlango. Akaniambia niache, mke wake akae ndani atulie. Nikaacha, kwa mapenzi. Alipofariki, ndugu zake walikuja na mkokoteni. Walibeba kitanda, wakabeba masufuria, wakashusha mpaka pazia. Nilibaki na mikono mitupu, na mikono yenyewe ilikuwa imeshasahau kazi. Mama Mkaa aliyekaa hapo nje, anayejifanya hasikii, ndiye aliyeniazima pasi."

Kutoka nje ikasikika, "Nasikia!"

"Meza ile ina guu moja bovu," nikaendelea. "Mvua ikinyesha naikumbatia kama mtoto. Kibaraza si changu, wateja wengine wanaacha nguo mpaka wanazisahau, na wanaume wanaopita wananiita majina ambayo siwezi kuyarudia mbele yako. Lakini meza ile ndiyo iliyonisimamisha. Nampenda mwanao, mama. Nasema mbele yake na mbele yako. Ila nikiiacha meza ile nitakuwa nimerudi siku ya mkokoteni."

Mama akamgeukia mwanawe.

"Umesikia. Nawe unasemaje?"

Cheche akavua miwani aliyokuwa ameipandisha kichwani, akaizungusha mikononi.

"Mama, mimi nilimpenda akiwa pale mezani. Asubuhi zote ninazomjua, yuko pale. Nikimtoa pale, nitakuwa nimemwoa nani?"

"Kwa hiyo umeshachagua kati yangu na yeye."

"Sijachagua, mama. Wewe ni wangu, na yeye namtaka awe wangu. Usinifanye nikate mkono mmoja."

Mama akajifunga kitambaa chake kichwani upya, ingawa hakikuwa kimelegea, akatoka bila kuaga. Kapu akaliacha.

Mimi nikarudi kibarazani. Nikaukunja ule waya mrefu taratibu, nikaifuta pasi ya umeme, nikavuka tena, nikamrudishia Cheche vyote viwili mikononi mwake.

"Kwa nini?" akauliza.

"Nimeshukuru, fundi. Kwa moyo wangu wote nimeshukuru. Hakuna mtu aliyewahi kunikalia kimya namna ile. Lakini siwezi kunyoosha nguo za watu huku naikunja kazi yako. Washa mashine yako."

"Na lile lingine?"

"Lile lingine..." Nilishindwa kumtazama. "Siingii nyumba ambayo mama amesimama mlangoni kunizuia. Nimeshaona ndugu wa mume wakikasirika. Sitaki tena."

"Kwa hiyo hapana?"

"Sijasema hapana. Nimesema mama."

Asubuhi iliyofuata mashine ilinguruma tangu jua lilipochomoza. Mzee wa geti alilichukua geti lake akicheka. Mama Mkaa aliniuzia mkaa mzuri, mkavu, akaniongezea na vipande vya bure, akaniambia nisimkasirikie kwa mdomo wake. Nikamwambia bila mdomo wake ningeendelea kumshukuru asiyehusika. Tukakumbatiana. Kisha nikawasha jiko, nikapepea, nikakohoa.

Cheche hakuja. Siku hiyo hakuja, na siku zilizofuata aliniletea shati moja moja tu, la kazi, lililochafuka kweli. Tulisalimiana kama watu wanaoogopa kumwaga maji. Usiku nilikuwa nageuka kitandani nikimsema mama yake, kisha namtetea, kisha namsema tena. Mchana nilikuwa nasikia mashine ile, na kila ilipozimika kidogo ili abadilishe chuma, moyo wangu uliruka. Nilikuwa nafikiri atatoka. Nayo inawaka tena.

Kisha jioni moja akavuka kichochoro amebeba jiko. Lilikuwa jiko la aina ambayo sijawahi kuiona: lina mlango mdogo wa kutilia mkaa, na bomba refu linalopanda juu kupita paa la kibaraza. Akaliweka, akalitikisa kuhakikisha limekaa sawa, akawasha. Moshi ukapanda wote juu, ukapotelea angani. Na kwa kuwa alikuwa na vyuma mkononi, akapiga magoti akaiwekea meza yangu guu jipya, akaifungia na magurudumu.

"Hili jiko halitumii umeme," akasema akiwa bado chini. "Na siku askari wa mji wakija, hutaibeba meza kichwani. Utaisukuma iingie karakanani. Mlango nimeshaupanua."

"Fundi..."

"Sijaja kudai jibu. Pumua tu."

Akaondoka. Nikasimama pale napumua. Nilipumua huku machozi yananitoka, na kwa mara ya kwanza hayakuwa ya moshi.

Mama yake alikuja siku mbili tatu baadaye, asubuhi. Sikumwona alivyofika. Nilikuwa nimeinama, nilipoinua kichwa nikamkuta mbele ya meza, ameshika kifurushi. Mashine ya Cheche ilikuwa inanguruma ng'ambo, na kelele zilikuwa nyingi kiasi kwamba alilazimika kusogea karibu.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba. Unapokea kazi?"

"Napokea, mama."

Akafungua kifurushi. Ndani mlikuwa na gauni la rangi ya zambarau iliyokolea, la zamani, limetunzwa vizuri, lina mikunjo ya kukaa sandukuni muda mrefu.

"Linahitajika lini?"

"Leo. Nasubiri hapahapa."

Akakaa kwenye ndoo yangu, akakunja mikono. Nikanyunyiza maji, nikatandika kitambaa chembamba juu ya gauni ili jivu lisiliguse. Nikaijaribu pasi kwanza kwenye kanga yangu. Nikaona si vizuri kukaa kimya na mtu mzima.

"Kuna shughuli, mama?"

"Ipo. Nakwenda kuposa."

Mkono wangu ukasimama. Nikajikumbusha kwamba pasi ikisimama inaunguza, nikausukuma tena.

"Heri kubwa, mama," nikasema. Sauti haikuwa yangu.

"Amina. Mwanangu umri unakwenda. Nina mtoto mmoja tu wa kiume, siwezi kumwacha akae na vyuma vyake mpaka ashike kutu."

Sitasema uongo. Shetani alikuja akasimama karibu na sikio langu, akaninong'oneza: jivu kidogo tu. Cheche moja ndogo kwenye mkono wa gauni, ataposaje? Nikamfukuza. Mwanamke yule alimzaa mtu aliyekaa kimya asubuhi zote zile ili mimi nisikohoe. Hata kama anakwenda kumtafutia mwingine, gauni lake lilistahili heshima. Nikapiga moyo konde, nikalinyoosha kama sijawahi kunyoosha nguo ya mtu. Kola, mabega, mikono, kiuno. Nilipofika kwenye pindo, nikaliinua karibu na macho. Ushonaji wake ulikuwa wa ajabu: mishono midogo, iliyolingana, bila hata mmoja uliokwenda kombo.

"Mama, gauni hili lilishonwa na nani? Mkono huu ni wa fundi hasa."

Alikuwa anatazama lile guu jipya la meza.

"Mimi," akasema.

"Wewe, mama?"

"Nilikuwa na cherehani kabla sijaolewa. Watu walikuwa wananifuata kutoka mitaa mingine. Nilipoolewa, mama mkwe akasema mke wa mwanawe hatashonea watu barabarani." Akatabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo. "Cherehani ikaingia ndani, ikafunikwa kitambaa, ikawa meza ya kuwekea vyombo. Gauni hili ndilo la mwisho kulishona. Siku ile nilipotoka hapa nilikwenda nikaondoa vyombo. Nikafunua kitambaa. Gurudumu limeganda kabisa, halizunguki."

"Linaweza kutengenezwa, mama. Mwanao ni fundi."

"Labda," akasema. "Neno nililokwambia siku ile, binti, sikujua nimelitoa wapi. Nililisema mdomoni, njiani nikawa nalisikia masikioni, na sauti haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama mkwe wangu."

Nikalishika gauni kwa mabega, nikalining'iniza mbele yake. Halikuwa na mkunjo hata mmoja. Mama akainuka, akalipapasa pindo kwa vidole viwili, na nikaona macho yake yamejaa.

"Asante," akasema. "Limekuwa kama siku niliyolishona."

"Asante wewe, mama, kwa kuniamini nalo."

Ng'ambo ya kichochoro mashine ikazimika. Nikageuka. Cheche alikuwa amesimama mlangoni, miwani mkononi, macho yake yakihangaika kuzoea mwanga. Pasi yangu ilikuwa ya mkaa siku hiyo, haikuhitaji kimya chake. Nyuma ya magunia yake ya mkaa, Mama Mkaa alikuwa ameacha hata kupumua.

Mama akalitundika gauni mkononi mwake kwa uangalifu mkubwa, akanitazama usoni.

"Haya, nielekeze vizuri. Kwa mama yako wanapitia wapi? Na usinipitishe njia yenye matope, maana gauni hili limenyooshwa na mkwe wangu."